Ukiwa Mdogo Ndani ya Nchi Yako, Pa Kukimbilia ni Wapi? Barua za Wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja: nchi yenye makabila mengi inakaaje pamoja bila mkubwa kummeza mdogo, na bila mdogo kufika mahali akasema basi, natoka. Wengine wameandika kwa hasira, wengine kwa huzuni, na wapo wanaotaka tu kuelewa. Zinazofanana nimeziunganisha, majina nimeyatoa kama kawaida yetu, nimebakisha mahali tu. Twende.

Shikamoo mzee. Mimi nipo Kasulu, nauza mahindi na maharage, wateja wangu wengi ni wa ng'ambo ya mpaka, na shemeji yangu anakaa Kigali. Warundi na Wanyarwanda lugha zao wanasikilizana, makundi ni yale yale, Wahutu, Watutsi na Watwa, na yaliyowapata tunayajua wote. Sasa Burundi katiba yao imeandika kabisa Wahutu asilimia ngapi, Watutsi asilimia ngapi. Shemeji wa Kigali nikimuuliza wewe kundi gani ananiambia nyamaza, hilo swali huku halipo. Nani kati yao kapatia? – Msomaji, Kasulu

Marahaba mwanangu, na pole na pilika za mpakani. Swali lako nimeliweka la kwanza manake sijui pengine popote ambapo hili jambo linaonekana vizuri hivi, nchi mbili zimeumwa ugonjwa mmoja halafu kila moja ikaenda kunywa dawa inayopingana na ya mwenzake.

Anza na Rwanda. Wabelgiji walipofanya sensa yao ya 1933 na 1934 wakawapa watu vitambulisho vimeandikwa Hutu, Tutsi au Twa, na kile kikaratasi kikakaa mifukoni mwa watu miaka 60. Mwaka 1994 ukifika kwenye kizuizi barabarani unaambiwa toa kitambulisho, na lile neno moja ndo linaamua unapita au unauawa. Mtu aliyepita hapo, leo ukimwambia tuandike tena makundi kwenye karatasi, hata kama nia yako ni njema, atakuona adui na mi simlaumu kabisa. Kwahiyo baada ya mauaji ya kimbari serikali ikaliondoa lile neno kwenye vitambulisho, 2001 ikatungwa sheria dhidi ya kuwagawa watu, ikaja katiba ya 2003, halafu 2008 sheria ya itikadi ya mauaji ya kimbari ambayo 2018 waliirekebisha, na toka 2013 kuna programu ya Ndi Umunyarwanda, kwamba kila mtu ni Mnyarwanda kwanza. Shemeji yako hakufichi kitu, hayo ndo maisha aliyofundishwa na yana sababu yake.

Ila angalia Mtwa. Watwa ni wachache sana, walifukuzwa misituni, wengi hawana ardhi, na shida yao imewapata kwa sababu ni Watwa. Ili serikali iwasaidie bila kutaja kundi, wakapewa jina la "walioachwa nyuma na historia". Msaada unakuja, nyumba zinajengwa, lakini Mtwa akitaka kusimama kama Mtwa aseme sisi tumepungukiwa hiki na hiki, mlango wenye jina lake haupo. Na kwa wengine pia ni hivyo hivyo, ukihisi vyeo vinaenda upande mmoja huna namna ya kuhesabu ili uthibitishe, na kama sio kweli serikali nayo haina namna ya kukuonyesha kwamba umekosea.

Burundi wakaenda njia nyingine. Mkataba wa Arusha wa kumaliza vita vyao, uliosainiwa tarehe 28 Agosti 2000, alianza kuusuluhisha Nyerere, akafariki Oktoba 1999, Mandela akaupokea. Katiba ya 2005 ikaweka bungeni Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, Seneti nusu kwa nusu, Watwa viti 3 kila baraza, na jeshini hakuna kundi linaloruhusiwa kuzidi nusu. Mpaka kwenye orodha za wagombea wameingia, kila majina matatu yanayofuatana yasizidi mawili ya kundi moja. Yaani chama kikitaka kura lazima kiwe na watu wa pande zote hata kama hakipendi, na ikawa kweli, chama kilichotoka msituni kikiwa cha Wahutu kikajikuta kinatafuta Watutsi kwa bidii. Ndo maana 2015, wakati wa vurugu za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, wengi tuliogopa Wahutu na Watutsi watarudi kuchinjana lakini mpasuko haukupita hapo, hata jenerali aliyejaribu kumpindua mwezi Mei alikuwa Mhutu aliyetoka chama hicho hicho. Watu waliuawa, wengine wakakimbilia kwetu, nyie wa Kasulu mnaijua kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuliko mimi, lakini ule moto wa 1972 na wa 1993 haukuwaka.

Sasa sikiliza hapa mwanangu manake hapa ndo penyewe. Katiba ya 2005 ilikuwa na kitu kingine ambacho watu hawakitaji sana kwa sababu hakina mvuto, sheria bungeni ilitaka kura theluthi mbili. Piga hesabu. Wahutu 60 kwa 100, theluthi mbili ni kama 67. Hata wote wakikubaliana kwa siri hawafiki, lazima waongee na upande wa pili. Katiba mpya ya 2018 asilimia zile iliziacha, 60 kwa 40 ipo, lakini sheria za kawaida sasa zinapita kwa zaidi ya nusu tu. Makamu wawili wa rais, waliotakiwa watoke makundi tofauti na vyama tofauti, wakaondolewa, akabaki mmoja na waziri mkuu. Halafu Seneti ikapewa miaka 5 itathmini kama mgao wenyewe uendelee au ufe. Kwahiyo Mtutsi viti anavyo vile vile, ila uwezo wa kusema hapana na ikasikika umepungua sana, na chama kikubwa kikijaza ile 40 na watu wanaokitii chenyewe, hesabu imetimia na hakuna kilicholindwa.

Nani kapatia? Mi siangalii kama nchi inahesabu makundi au haihesabu. Naangalia kitu kimoja, mdogo akishindwa kura, na atashindwa kila siku kwa sababu ni mdogo, ana mahali pa kwenda ambapo haihitajiki awe wengi ili ashinde? Burundi ya 2005 ilikuwa napo. Ya 2018 pamepungua. Rwanda imewapa watu usalama, na hilo si dogo kwa nchi iliyopita pale, ila pa kwenda kudai kama kundi hamna.

Habari za kazi ndugu mhariri. Naishi Malmö, Sweden, huku Wabosnia ni wengi, walikuja wakati wa vita vyao. Jirani yangu ni mmoja wao na ananiambia kwao kuna marais watatu kwa pamoja. Nikadhani natafsiri vibaya. Inawezekanaje? – Mtanga wa Malmö

Salama ndugu yangu, hujatafsiri vibaya. Bosnia ilikuwa moja ya jamhuri 6 za Yugoslavia. Tito aliishikilia ile nchi kwa chama kimoja na kwa katiba ya 1974 iliyozipa jamhuri na majimbo mawili, Kosovo na Vojvodina, madaraka makubwa. Akafa Mei 1980, uchumi ukaanguka, 1989 Serbia ikaivua Kosovo mamlaka yake, na kuanzia hapo kila jamhuri ikaona zamu yangu inakuja. Vita vya Bosnia vikaanza 1992, vikaisha 1995 kwa mkataba wa Dayton, na ndani ya mkataba huo ndo iko katiba yao mpaka leo. Urais una watu watatu, Mbosniaki (yaani Mbosnia Mwislamu), Mkroati na Mserbia, na baraza la juu la bunge lina wajumbe 15, watano watano.

Kilisimamisha vita na hilo tulishukuru. Lakini ukisoma vizuri utajiuliza, mtu asiye kati ya hao watatu je? Wawili walijiuliza, Dervo Sejdić ambaye ni Mroma na Jakob Finci ambaye ni Myahudi, wote wazaliwa wa pale, wote raia, na katiba inawakataza kugombea urais. Wakaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na tarehe 22 Desemba 2009 wakashinda. Katiba mpaka leo haijabadilishwa, manake wanaotakiwa kuibadilisha ni wale wale watatu inaowapa viti. Muulize jirani yako pia kuhusu shule. Ipo miji ambayo watoto wa Kibosniaki na wa Kikroati wanasoma jengo moja lakini mitaala tofauti, pengine hata milango ya kuingilia tofauti. Mji wa Jajce walipotaka kuwatenganisha zaidi kwa kujenga shule nyingine, wanafunzi wenyewe, vijana wa sekondari wa pande zote, wakaingia barabarani kupinga, na 2017 mpango ukaachwa. Mi hawa watoto nawaheshimu kupita wanasiasa wao wote.

Burundi kwa hili iliwazidi Wabosnia, Watwa ni wachache mno lakini vile viti vitatu vitatu waliandikiwa.

Mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dodoma. Darasani tumeambiwa Ethiopia katiba yake inaruhusu kabila kujitenga likitaka. Wenzangu wanasema ni upumbavu, mi naona ni haki. Nisaidie hoja. – Mwanafunzi, Dodoma

Mdogo wangu, hoja nakupa lakini ya pande zote mbili, utachagua mwenyewe.

Ni kweli, ibara ya 39 ya katiba ya 1995 inasema kila taifa na kila jamii ya Ethiopia ina haki ya kujiamulia mpaka kujitenga. Ukiiona leo inatisha, ila fikiria walikotoka. Chini ya Haile Selassie na baadaye Derg, utawala wa kijeshi wa Mengistu, serikali ilikuwa ya katikati kabisa, Kiamhara ndo lugha ya ofisi na ya shule, na Mworomo au Msomali alikuwa anasimama mbele ya hakimu anayehukumu kwa lugha asiyoielewa. Waliomwangusha Mengistu 1991 walikuwa vikundi vya kikabila vyenye bunduki, na Eritrea ikapiga kura ikaondoka 1993. Kwa waliobaki ile ibara ilikuwa bei ya kuwafanya wakubali kukaa. Na imefanya mazuri ya kweli, mtoto wa Kioromo anasoma Kioromo shuleni, na Baraza la Shirikisho linampa kila kabila walau mjumbe mmoja hata likiwa dogo namna gani.

Ugumu ulianza kwenye ramani. Ukichora mkoa ukasema huu wa Waoromo, huu wa Waamhara, huu wa Watigray, watu hawajakaa hivyo chini. Mwamhara ambaye babu yake alizaliwa Oromia au Benishangul-Gumuz ghafla ni mgeni pale alipozaliwa, na kila unayempa mkoa wake umetengeneza wadogo wapya ndani ya mkoa huo. Nao wanataka wao. Wasidama wakapiga kura Novemba 2019, zaidi ya asilimia 98 wakasema ndio, wakapata mkoa 2020, wengine wa kusini wakafuata, mikoa ikatoka 9 ikafika 12. Na vyama vingi, polisi wa mikoa, mipaka, bajeti, vimekaa juu ya kabila, kwahiyo wakubwa wakigombana Addis Ababa kila mmoja alikuwa na jeshi lake la kurudi nyumbani kuliita. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020 vikaisha na mkataba wa Pretoria Novemba 2022, na waliokufa ni wengi mno.

Utaona wale wa ibara ya 39 wenyewe hawakuitumia, hakuna aliyejitenga kwa kuifuata. Kilichoua watu ni mambo ya chini yake, nani anaitwa mwenyeji wa wilaya hii na nani anafukuzwa. Hapo linganisha na Nigeria, nao 1967 mtawala wao wa kijeshi Gowon alivunja majimbo 4 makubwa akatengeneza 12, sasa ni 36, na kwa kuyavunja yale makubwa matatu manne yaliyokuwa yanapigana vikumbo walipunguza nguvu za kuvunja nchi. Lakini wakabaki na ile ya cheti cha mwenyeji, mtu amezaliwa mji wa Jos, baba yake kazaliwa Jos, akienda kuomba nafasi ya chuo au kazi anaambiwa wewe wa kuja, na Jos imemwaga damu kwa hilo mara nyingi tu. Kwahiyo ukiwajibu wenzako darasani, usigombanie sana ile ibara, waulize mtu mmoja aliye mdogo ndani ya mkoa wa mdogo mwenzake analindwa na nani.

Asalaam aleikum baba. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Ukunda, babu yangu alikuja kutoka Msumbiji kukata mkonge. Tuliishi miaka bila kitambulisho mpaka tukapewa, tukaambiwa sasa nyinyi Wamakonde ni kabila la 43 la Kenya. Nilifurahi hadi nikalia. Lakini mwanangu mkubwa ananiuliza, mama, kwanini lazima tuwe kabila ndo tuwe Wakenya? Sikuwa na jibu. – Mama wa Ukunda

Waleikum salaam mama, hongera kwanza, na hongera kwa kulea mtoto anayeuliza hivyo.

Yaliyowapata mnayajua nyinyi, nayaeleza kwa wasomaji wengine. Wamakonde waliletwa na walikuja wenyewe Pwani kufanya kazi mashamba ya mkonge na ya miwa kule Kwale tangu enzi za mkoloni, wengine wakaja baadaye wakikimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji. Uhuru ukaja, wao wakaachwa hewani. Bila kitambulisho hununui shamba kwa jina lako, benki hawakufungulii akaunti, laini ya simu unasajili kwa jina la mtu, mtoto anamaliza shule hana karatasi, polisi wakikukuta barabarani una kesi. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi, wazee na akina mama, njiani walisimamishwa wakaendelea, wakafika Ikulu. Rais Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho na mapema 2017 wakaanza kupata. Mwaka huo huo Wakenya wa asili ya Asia wakatangazwa la 44, Washona wakafuata, na 2023 Wapemba wa Kwale na Kilifi.

Mwambie mwanao ameona sawasawa. Katiba ya 2010 hakuna mahali imesema Mkenya ni lazima awe na kabila lililo kwenye orodha, na Sheria ya Uraia ya 2011 ilikuwa imeshafungua dirisha la miaka 5 ya kuwasajili watu wasio na uraia wowote. Mlikuwa na haki hiyo kabla hamjavaa viatu vya kutembea. Ila dirisha likawa karatasi tu, nguvu ikabaki mkononi mwa rais na huruma yake, na kwenye ofisi mtu anayeandikisha amezoea kuuliza kabila gani, ukimtajia ambalo hana kwenye orodha yake anafunga daftari. Kwahiyo kuitwa la 43 lilikuwa daraja la kuvukia na mlifanya vizuri kuvuka, mimi kuwalaumu siwezi, mwenye njaa haambiwi asubiri katiba ieleweke.

Lakini daraja hilo lina ushuru wake mama, na mwanao ndo atakayeulipa asipoangalia. Kama uraia unapitia kabila basi siku yoyote mtu anaweza kukwambia thibitisha kwamba wewe kweli ni Mmakonde. Waulize Wanubi wa Kibera, wazee wao waliletwa kama askari wa Mwingereza na wakapewa pale zaidi ya miaka 100 iliyopita, watoto wao wakawa wanapelekwa mbele ya kamati za wazee na maafisa kuhojiwa kabla ya kupata kitambulisho ambacho mwenzao wa Nyeri anapewa kwa wiki chache. Waliipeleka Kenya mbele ya Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto na 2011 wakashinda, na hati ya ekari 288 za Kibera wakaipata 2017. Wasomali wa Kaskazini Mashariki nao kamati hizo wamezijua kwa miaka na miaka. Hata wenzenu wa Pwani ya Kenya, wenye majina ya Kiislamu, wanajua ile ya "leta cheti cha babu".

Cha kufanya sasa: watoto wote wanne wawe na vyeti vya kuzaliwa, nakala mbili mbili, moja isikae nyumbani. Pili, ijueni Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inasema kaunti ikiajiri, walau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka jamii kubwa ya kaunti hiyo. Kwale hiyo asilimia 30 inawahusu nyinyi. Na Sheria ya Utangamano ya 2008, iliyokuja baada ya yale mauaji ya uchaguzi wa 2007, inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Zinavunjwa sana hizo, lakini zipo, na ukiziandika kwenye barua ya malalamiko kwa namba ya kifungu, majibu yanabadilika kidogo.

Shikamoo. Kila mtu anatusifu Watanzania hatuna ukabila, ni kwa sababu ya Kiswahili na Baba wa Taifa. Ni kweli au tunajipamba? – Msomaji, Muheza

Marahaba. Ni kweli, na tusione haya kulisema. Kiswahili peke yake lakini hakikutosha, Somalia lugha moja dini moja na nchi ikavunjika. Kilichofanyika hapa ni kazi ya makusudi: uchifu wa kiserikali ulifutwa mara tu baada ya uhuru, sensa ya 1967 ndo ikawa ya mwisho kuuliza kabila, mtoto wa Bukoba anapelekwa sekondari Iringa, mwalimu wa Kilimanjaro anapangiwa Lindi anaoa huko huko, JKT inawachanganya wote. Vyama vingi viliporudi 1992 sheria ikataka chama kiwe na wanachama 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, ikiwemo mmoja Unguja na mmoja Pemba. Chama cha kabila moja hakiwezi hata kusajiliwa. Hilo ni jengo zuri na lina faida mpaka leo.

Ila kuna watu ambao maisha yao yenyewe ndo tofauti yao. Mhadzabe anayeishi kwa kuwinda na asali hawezi kuyeyuka tu kwenye "sisi wote Watanzania" manake kuyeyuka kwake ni kupoteza pori. Mmasai wa Ngorongoro na Loliondo vile vile, mifugo inataka nafasi, na sote tuliona 2022 jinsi vurugu zilivyokuwa Loliondo wakati wa kuweka mipaka ya lile eneo la kilomita za mraba 1,500. Kesi yao Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka huo huo ilitupwa, ingawa 2023 kitengo cha rufaa kiliagiza isikilizwe upya. Ukiwasikiliza wakubwa wakijibu, jibu ni kwamba hapa hakuna kabila lenye haki maalum, sote raia. Sentensi hiyo ilitujengea amani, na hapo hapo inatumika kumnyamazisha mtu ambaye anaomba tu asihamishwe. Hilo linaniuma na nalisema nikiwa Mtanzania ninayejivunia nchi yake.

Na bado nafasi ipo. 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati za kimila za ardhi yao kwa pamoja, na hawakuhitaji sheria ya kabila, waliitumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ambayo ni ya kila mwanakijiji. Sheria ya wote ikitumika na aliye mdogo kuliko wote, na ikakubali, hiyo ndo Tanzania ninayoitaka mimi.

Mzee, sisi ni Ogiek wa msitu wa Mau. Kesi tulishinda Arusha 2017, dunia nzima ikaandika. Mbona bado tunafukuzwa? Tulishinda nini? – Msomaji, Kaunti ya Nakuru

Pole sana ndugu yangu. Swali lako ni zito na sitakupa maneno matamu.

Mlichoshinda ni hiki. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Kenya ilivunja haki zenu, ikiwemo haki ya ardhi ya mababu, na ikakataa kabisa ile hoja kwamba nyinyi ndo mnaharibu msitu. Juni 2022 ikatoa hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, shilingi 100,000,000 kwa mateso, na muhimu kuliko pesa, ardhi ipimwe na mpewe hati kwa pamoja. Novemba 2023 nyumba zenu kule Sasimwani zikabomolewa tena. Mahakama ile haina polisi. Inatoa amri na serikali iliyoshindwa ndo inatakiwa kuitekeleza dhidi yake yenyewe.

Jirani zenu Endorois wa Ziwa Bogoria wanaijua hiyo ngoma, walihamishwa miaka ya 1970 kupisha hifadhi ya wanyama, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikawapa ushindi, Umoja wa Afrika ukauidhinisha 2010, na utekelezaji unasuasua mpaka leo. Lakini waangalie Il Chamus wa Baringo pia. Wao walikwenda Mahakama Kuu hapo hapo Nairobi, wakasema hatujawahi kuwa na mbunge hata mmoja kwa sababu jimbo limechorwa tukiwa wachache daima, na 2006 majaji wakakubali kwamba mdogo ana haki ya kuwakilishwa na mipaka ya majimbo inapaswa kumfikiria. Katiba ya 2010 ikaja na maneno hayo hayo.

Kwahiyo ushauri wangu ni mrudi nyumbani na hukumu ya Arusha mkononi, muitumie kwenye mahakama za Kenya kama ushahidi. Jamii ijisajili chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mchague kamati yenu, muhtasari wa kila mkutano uandikwe na kusainiwa, na kila nyumba inayobomolewa ipigwe picha yenye tarehe, jina la mwenye nyumba na kituo cha afisa aliyekuja. Vijana wenye simu wapewe kazi hiyo rasmi. Na mkitaka kurudi Arusha kwa malalamiko mapya, kumbukeni mtu binafsi wa Kenya hawezi kwenda pale moja kwa moja kwa sababu Kenya haijatoa lile tamko la kuruhusu, kesi yenu ya kwanza ilifikishwa 2012 na ile Tume ya Afrika iliyoko Banjul, Gambia. Barua iende Banjul, na nakala kwa wanasheria wenu wa mwanzo, manake wao faili lote wanalo.